Maswali ya Karakana: Kukata Vipande vya Mbao kwa Mashine Ndogo ya CNC

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu mashine ndogo za CNC, yaani zile zinazokaa juu ya meza, zikapokea maelekezo kutoka kwenye kompyuta na kukata mbao kwa biti inayozunguka. Waandishi wengi wa barua hizo wanailalamikia mashine. Nilipozisoma kwa makini niliona kuwa kwa sehemu kubwa tatizo liko kwenye ubao wenyewe, kwenye biti, au kwenye namna ubao ulivyobanwa, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaanzia huko kabla ya kugusa mipangilio ya kompyuta.

Miguu ya kigoda haiingiliani

Swali: Shikamoo fundi. Nimechora kigoda cha plaiwudi ya milimita 12 chenye miguu miwili inayopishana katikati kama msalaba, na kila mguu una ndimi mbili zinazoingia kwenye matundu ya ubao wa kukalia. Kwenye kompyuta kila kitu kinalingana, lakini vipande vilivyokatwa havikubali kuingia hadi mwisho. Nikigonga kwa nyundo plaiwudi inachanika, na nikipanua mianya kwenye mchoro kigoda kinachezacheza na bado hakishuki hadi chini. Je, mashine yangu imepoteza vipimo? (Msomaji wa Tanga)

Jibu: Marahaba. Dalili uliyoieleza, ya kiungo kinachocheza ubavuni huku kikigoma mwishoni, haielekezi kwenye vipimo vya mashine bali kwenye pembe za ndani za mianya yako. Biti ni duara, na duara haliwezi kuacha pembe kali ndani ya ubao hata mchoro ukiwa na pembe ya mraba kiasi gani. Biti ya milimita 3.175, ambayo ndiyo inayokuja na mashine nyingi za aina hii, huacha kona yenye mviringo wa nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 1.6 hivi. Ukingo wa mguu wa pili ni wa mraba, kwa hiyo unateremka vizuri ndani ya mwanya mpaka unapofika kwenye mviringo ule, kisha unagota. Ukiupanua mwanya unaongeza nafasi pale ambapo haikuhitajika, na kona inabaki vilevile.

Dawa yake ni kuongeza kijitundu kwenye kila kona ya ndani, ili biti iingie kidogo ndani ya ukuta na kulifuta lile duara. Programu nyingi za kuandaa njia ya biti zina amri ya kufanya hivyo, lakini ukichora kwa mkono, weka kitovu cha kijitundu ndani ya mwanya, milimita 1.12 kutoka kila ukuta unaokutana kwenye kona hiyo. Hapo biti ya 3.175 itapita juu ya ncha ya kona bila kuvuka mbali. Kwenye miguu, ambako kiungo hakionekani, fanya hivyo bila kusita. Kwenye ubao wa kukalia, ambako matundu yataonekana na kila mgeni atakayekaribishwa kukaa, mimi ningeacha kona za mviringo kama zilivyo na kuzimaliza kwa patasi kali, kwa sababu vijitundu vile vinne kuzunguka kila ulimi huharibu sura ya kazi iliyo nzuri. Unaweza pia kuuviringisha ulimi kwa tupa, na kwa plaiwudi njia hiyo ni ya haraka kuliko patasi.

Ukishamalizana na kona, chukua venia upime plaiwudi yenyewe. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 12 mara nyingi huwa pungufu, na si ajabu kukuta 11.4 upande mmoja wa bamba na 11.7 upande mwingine. Pima sehemu nne au tano za ubao uleule utakaoukata, chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, na hicho ndicho kiwe msingi wa upana wa mianya. Juu yake ongeza milimita 0.1 hadi 0.2 ya nafasi ya gundi. Kwa kuwa uko pwani, ambako plaiwudi iliyoegemezwa ukutani hunywa unyevu wa hewa, pima siku ileile ya kukata.

Baada ya ubao, ipime biti, lakini si kwa kuishika kwenye venia. Kata mfereji mmoja kwa kupita mara moja tu katikati ya kipande kibovu, kisha pima upana wa mfereji huo, kwa maana huo ndio upana ambao biti yako inakata kweli, ukijumuisha kuyumba kwake ndani ya koleti, yaani kishikio kinachoibana biti. Biti iliyoandikwa 3.175 lakini inayokata 3.05 itaacha milimita 0.06 kila upande, na mwanya utakuwa mwembamba kwa zaidi ya milimita 0.12 kuliko ulivyochora, kiasi ambacho kwenye kiungo cha kukaza kinatosha kabisa kukulazimisha kuchukua nyundo. Iambie programu kipenyo halisi. Vilevile, agiza mkato wa kwanza uache milimita 0.2 ubavuni, halafu biti ipite mara ya mwisho kuondoa kiasi hicho kidogo peke yake. Biti nyembamba inapokata kwa nguvu hupinda, na mkato wa mwisho wenye mzigo mdogo huunyoosha ukuta.

Kabla ya kukata kigoda kizima, tengeneza kitu kinachofanana na chanuo: kipande cha plaiwudi hiyohiyo chenye mianya saba, wa kwanza wenye upana wa milimita 11.4, wa pili 11.5, na kuendelea hadi 12.0. Ingiza ukingo wa plaiwudi katika kila mmoja. Ule unaoingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kuanguka ukiugeuza, ndio upana wako. Kiandike kipimo hicho kwa penseli juu ya chanuo na ulitundike ukutani, kwa sababu bamba lingine la plaiwudi litahitaji chanuo lingine.

Je, inawezekana mashine imepoteza vipimo? Inawezekana, na kuna njia rahisi ya kujua. Kata vipande viwili vya mraba, kimoja cha milimita 100 na kingine cha 200. Kama cha kwanza kimetoka 99.8 na cha pili 199.8, kosa halibadiliki kwa urefu, kwa hiyo ni la kipenyo cha biti. Kama cha kwanza ni 99.8 na cha pili 199.6, kosa linakua pamoja na urefu, na hapo ndipo unapoweza kuangalia idadi ya hatua za mota kwa kila milimita. Usiwe na haraka ya kuibadilisha namba hiyo. Mota ya hatua 200, iliyogawanywa mara 16, ikizungusha skurubu inayosogea milimita 4 kwa mzunguko, hupiga hatua 800 kwa milimita, na hesabu hiyo imetoka kwenye chuma chenyewe. Namba ikiwa imekaa sawa na kosa bado lipo, kagua kwanza kama skurubu inateleza mahali ilipoungwa na mota.

Bao la mvule linaungua

Swali: Asalaam aleikum. Nataka kuchonga bao la Kiswahili kwa mvule, kwa mashine ile inayoitwa 3018. Ukiacha kwamba sioni jinsi bao zima litakavyoenea juu ya mashine, nina shida ya moshi: mashimo yanatoka meusi, na biti mbili zimekatika. Nimepunguza mwendo hadi milimita 150 kwa dakika nisiilemee mashine, lakini hali imezidi. (Msomaji wa Unguja)

Jibu: Wa aleikum salaam. Mwendo huo wa polepole ndio unaounguza. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakuwa wakizungumzia biti inayozunguka mara 10,000 kwa dakika. Fanya hesabu: biti yenye makali mawili, ikizunguka mara 10,000, hugusa mbao mara 20,000 kwa dakika, na kama katika dakika hiyo inasogea milimita 150 tu, kila ukali unapata chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Kiasi hicho hakikatiki, kinasuguliwa. Msuguano huleta joto, joto huua ukali, na biti butu huzidi kusugua hadi inakatika.

Joto la kazi linatakiwa liondoke na maranda. Kwa mbao ngumu na biti ya milimita 3.175, lenga kila ukali ung'oe milimita 0.03 hadi 0.05. Kwa mizunguko 10,000 na makali mawili, milimita 0.03 inakupa mwendo wa 600 kwa dakika, na 0.05 inakupa 1,000. Anza na 600. Ili usiilemee mashine, punguza kina na uuache mwendo: usizidi nusu milimita kwa kila mpito kwenye mvule, kwa kuwa mota ya mashine hiyo ni ndogo na fremu yake hutikisika. Kisha simamisha mashine, ufikiche kilichotoka kwenye mkato kati ya vidole. Ukikuta vipande vidogo vyenye umbo, kama maranda ya randa yaliyokatwakatwa, uko sawa. Ukikuta unga laini wa moto, bado unasugua.

Mvule una tabia yake ambayo mafundi wa milango wanaijua tangu zamani, nayo ni kubeba mawe ndani ya mti, yaani mabonge ya chokaa yaliyojijenga mti ukiwa hai. Msumeno ukiyagonga hutoa cheche, na biti nyembamba ya kabaidi huweza kukatika papo hapo. Kabla ya kuufunga ubao kwenye mashine, urande pande zote mbili na utazame mabaka meupe au ya kijivu yenye ugumu usio wa mbao; ukiyaona, chagua sehemu nyingine. Kama unaweza kupata mninga au mtiki, kazi itakuwa nyepesi zaidi, ingawa sitakulaumu ukishikilia mvule, maana rangi yake baada ya miaka michache ya kushikwa na mikono haina mpinzani.

Kuhusu ukubwa, eneo la kazi la mashine yako ni milimita 300 kwa 180, na bao lenye safu nne za mashimo manane haliwezi kuenea kwa mara moja. Lakini kwenye mashine hiyo kitanda ndicho kinachokwenda mbele na nyuma chini ya daraja lenye mota, na ubao mrefu unaweza kutokeza pande zote mbili bila kugusa kitu. Panga mashimo kwa umbali wa milimita 60 kutoka kitovu hadi kitovu. Safu nne zitachukua milimita 240 kwa upana wa mashine, na kila awamu utachonga mistari miwili ya mashimo, yaani mashimo manane. Awamu nne zinakamilisha mashimo 32. Ili awamu ziungane bila kupotoka, agiza mashine itoboe kwenye kingo za ubao, kila awamu, matundu madogo yenye umbali wa milimita 120 kamili, halafu tengeneza pini mbili za mbao zinazokaza juu ya kitanda. Ukimaliza awamu moja unausogeza ubao mpaka matundu yanayofuata yakae kwenye pini. Zitegemeze ncha zinazoning'inia kwa vigogo vyenye kimo sawa na kitanda, vilivyopakwa nta ili ubao uteleze juu yake, la sivyo uzito wake utainamisha kitanda na mashimo ya pembeni yatakuwa na kina tofauti.

Shimo lenye kipenyo cha milimita 50 na kina cha 15 linatosha mkono kuchota kete. Toboa kwanza kwa biti ya ncha bapa ukiacha nusu milimita, kisha malizia kwa biti ya ncha ya mviringo. Hapa pana uamuzi wa kufanya kati ya muda na msasa. Biti ya mviringo ya 3.175 ikipita kila baada ya milimita 1, huacha matuta ya kama milimita 0.08 ambayo kidole kinayasikia. Ikipita kila baada ya nusu milimita, matuta hushuka hadi 0.02, lakini muda unaongezeka maradufu. Kwa mashimo 32 mimi ningechagua milimita 0.5 na kuiacha mashine ifanye kazi yake, kwa sababu kusugua msasa ndani ya shimo la mviringo, kwenye mbao ngumu, kwa kidole kimoja, ni kazi ya kuchosha kuliko zote za bao. Nyumba mbili, yaani yale mashimo maalumu, moja la kila mchezaji, kama unazitaka za mraba, zitoboe kwa mashine hadi karibu na kona na uzimalizie kwa patasi, kwa sababu ileile niliyomweleza msomaji wa Tanga.

Herufi zinaruka mkato ukikaribia kwisha

Swali: Ndugu mwandishi, ninakata herufi za majina kutoka kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 6 kwa ajili ya kupamba kumbi za harusi. Mkato wa mwisho unapokaribia kufunga, herufi hunyanyuka, biti huing'ata, na kazi yote inaharibika. Nimekuwa nikiishikilia kwa kijiti. (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Kijiti hicho kiache leo hii. Siku biti itakapokikamata, mkono wako utavutwa pamoja nacho kabla hujajua kilichotokea.

Herufi huruka kwa sababu kwenye mpito wa mwisho hakuna tena kinachoishika. Iambie programu iache vidaraja, yaani vipande vidogo ambavyo biti huviruka ikikaribia chini ili herufi ibaki imeunganishwa na ubao. Kwa MDF ya milimita 6, vidaraja vitatu au vinne vyenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1.5 vinatosha kwa herufi ya ukubwa wa kiganja. Viweke kwenye sehemu zilizonyooka, ambako msasa unapita vizuri, wala si kwenye tumbo la herufi ya mviringo. Usisahau vile visiwa vya katikati ya A, B na O, maana navyo huruka, na vikiruka ndani ya herufi havina pa kwenda isipokuwa kwenye biti. Panga pia mpangilio wa kazi: mikato ya ndani itangulie, wakati ubao bado umeshikwa kwa ukamilifu, na mzunguko wa nje uwe wa mwisho.

Kama hutaki vidaraja kabisa, kuna njia ambayo mafundi wengi wa herufi wanaipenda: bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi chini ya MDF na mwingine juu ya ubao wa kafara, yaani ule unaolazwa chini ya kazi ili biti iukate badala ya kitanda, halafu unganisha tepe hizo mbili kwa matone ya supaglu. Herufi inabaki imeshikwa chini yake yote hata baada ya kukatwa pande zote, na ukimaliza unaing'oa bila doa. Njia hii inadai ubao wa kafara uwe bapa kweli. Uweke ubao huo wa MDF juu ya kitanda, uufunge kwa skurubu zilizozama, kisha uiambie mashine yenyewe iuparaze juu kwa biti pana. Kuanzia hapo uso wake utakuwa sambamba na mwendo wa mashine, na biti itapita chini kwa usawa kila mahali.

Angalia vilevile aina ya biti. Ile ya kawaida yenye mikunjo inayopandisha maranda juu huvuta na ubao mwembamba kuelekea juu. Biti inayoshusha maranda huukandamiza ubao na kuacha ukingo wa juu safi, lakini hujaza mfereji kwa vumbi, na ukiitumia hakikisha kifyonza vumbi kiko karibu. Mwisho, kiinuo cha usalama, yaani kimo ambacho biti hupanda inapohama kutoka herufi moja kwenda nyingine, kiwe juu kuliko vibanio vyako. Kiinuo cha milimita 5 na kibanio cha milimita 15 vitakutana tu, na atakayeshinda si biti.

Kipande kimetoka kidogo kama kifungo cha shati

Swali: Mchoro wangu una upana wa milimita 120, lakini mashine imekata kitu kisichofika milimita 5. Pia, kwa nini picha ya simu haikubali kufunguka kwenye programu ya kukatia? (Msomaji wa Dodoma)

Jibu: Gawa 120 kwa 25.4 utapata 4.72. Faili lako limeandikwa kwa inchi na mashine imelisoma kwa milimita. Lugha ya maelekezo ya mashine hizi ilikulia kwenye viwanda vya Marekani, ambako inchi ndiyo kipimo cha kazi, na mpaka leo ina amri mbili: G20 kwa inchi na G21 kwa milimita. Lifungue faili kwa programu yoyote ya maandishi na utazame mistari ya mwanzo. Usibadilishe G20 kuwa G21 kwa mkono ukadhani umemaliza, kwa sababu namba zenyewe zitabaki za inchi. Rudi kwenye programu, chagua milimita, na ulitoe faili upya.

Picha ya simu ni mkusanyiko wa nukta za rangi na haina mstari ambao biti inaweza kuufuata. Ifungue kwenye Inkscape, ambayo ni ya bure, utumie amri ya kufuatisha kingo za picha, ufute nukta zisizohitajika, kisha uhifadhi kama faili la SVG.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Swali: Shikamoo mzee wangu. Huku kwetu umeme hukatika bila taarifa. Kompyuta mpakato inaendelea kwa betri, lakini mashine inasimama, na ukirudi siwezi kuendelea pale nilipoishia. Mkato mpya unapishana na wa zamani kwa milimita moja au mbili. Je, lazima kila mara nitupe ubao? (Msomaji wa Mwanza)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si lazima, ila maandalizi yafanyike kabla ya kukata.

Mota za mashine hizi hazijui ziko wapi. Bodi inayoziongoza, ambayo kwenye mashine nyingi za mezani huendesha programu huria ya GRBL, huhesabu tu hatua ilizoziamuru tangu ilipowashwa. Umeme ukikatika hesabu inapotea, na mota zikilegea hata mguso mdogo huzisogeza. Sehemu ya kuanzia uliyoiweka kwenye ubao huhifadhiwa kwenye bodi, lakini imehifadhiwa kama umbali kutoka sifuri ya mashine, na sifuri hiyo ikihama, kila kitu kinahama nayo. Ndiyo asili ya ile milimita moja au mbili.

Ufumbuzi kamili ni swichi za ukomo. Ni vijiswichi vitatu vya bei ndogo vinavyofungwa mwisho wa kila mhimili, na ukishaviunganisha na kuwasha mpangilio wa 22 wa GRBL, mashine hujitafutia sifuri yake ileile kila inapowashwa. Mpaka utakapovipata, fanya hivi: kabla ya kazi, agiza mashine itoboe tundu dogo kwenye sehemu ya ubao isiyokatwa, mahali hasa palipo sifuri ya X na Y, yaani sehemu yako ya kuanzia. Umeme ukirudi, funga biti yenye ncha kali, ishushe kwa hatua ndogondogo mpaka ncha ikae katikati ya tundu, na uweke sifuri upya hapo. Kisha rudisha biti ya kukatia na uweke kimo upya juu ya sehemu ya ubao ambayo haijaguswa, ukitumia karatasi nyembamba: inapoanza kukwama chini ya biti, umefika.

Ili kuendelea, angalia kwenye kompyuta ni mstari gani wa faili uliotumwa mwisho, kisha rudi nyuma hadi mwanzo wa mpito ule, kwa kuwa bodi huwa imepokea mistari kadhaa ambayo haijaitekeleza. Tengeneza nakala ya faili inayoanzia hapo, lakini iache mistari ya mwanzo inayotaja kipimo, mwendo na kuwashwa kwa mota ya biti, na uongeze amri ya kuinua biti kabla ya kusogea popote. Bila amri hiyo, mashine itakata njia ya mkato, na njia hiyo itapita katikati ya kazi yako.

Kama mashine yako inatumia ruta ya mkono (ile mashine ya kushika mkononi ya kuchongea mbao) badala ya mota inayoongozwa na bodi, umeme ukikatika jambo la kwanza ni kuzima swichi ya ruta. Usipoizima, umeme ukirudi ruta itawaka yenyewe, huenda mkono wako ukiwa chini yake. Kuhusu UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, mashine ya mezani yenye kigeuza umeme cha volti 24 na ampea 5 haizidi wati 120 kwa upande wa mashine, na UPS ndogo ya kompyuta huweza kuibeba kwa dakika chache. Zitumie dakika hizo kubonyeza kitufe cha kusitisha na kuinua biti, wala usijaribu kumalizia kazi. Ruta ya wati 700 usiiunganishe na UPS ya namna hiyo.

Mashine ndani ya nyumba ya kupanga

Swali: Hujambo mhariri. Ninaishi kwenye fleti na mashine iko kwenye chumba cha pili. Ninavaa barakoa ya kitambaa na kufagia baada ya kazi. Jirani wa chini analalamikia mngurumo, na mke wangu analalamikia vumbi. Nani kati yao ana haki? (Msomaji wa Nairobi)

Jibu: Sijambo. Wote wawili, lakini anza na mke wako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka vumbi ya mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianya yake. MDF huongeza gundi yenye fomaldehaidi, na baadhi ya mbao zetu ngumu, mpingo ukiwa mmojawapo, huwasha ngozi na kubana vifua vya watu kadhaa. Barakoa ya kitambaa huzuia maranda na kuliachia vumbi laini, ambalo ndilo linaloingia ndani zaidi. Tumia ya kiwango cha N95 au FFP2, ikae imebana usoni bila upenyo.

Kufagia huliinua tena vumbi lililokwisha kutua. Funga kifyonza vumbi kwenye mashine, mdomo wake uizunguke biti kwa brashi, na kabla ya kifyonza chenyewe weka ndoo yenye mfuniko wa kuchujia maranda ili mfuko usizibe kila baada ya kazi moja. Ukimaliza, panguza kwa kitambaa chenye unyevu. Bora zaidi, ifungie mashine nzima ndani ya sanduku la plaiwudi lenye dirisha la plastiki angavu na mlango wa mbele. Sanduku lililotandikwa sponji ndani hupunguza sauti, na likisimama juu ya zulia nene la mpira juu ya meza nzito, mtikisiko hautapita moja kwa moja kwenye sakafu ya zege hadi kwa jirani. Mpe pia saa zako za kazi kwa maandishi.

Usivae glavu karibu na biti, vaa miwani hata mlango wa sanduku ukiwa umefungwa, na usitoke nyumbani mashine ikiwa inakata. Biti iliyokwama mahali pamoja huku ikizunguka huwasha mbao, na kifyonza kilicho karibu hulivuta kaa hilo moja kwa moja hadi kwenye ndoo iliyojaa maranda makavu. Weka kizima moto cha unga mlangoni mwa chumba, mahali unapoweza kukifikia bila kuipita mashine.